Alkoholi ya Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Nilipewa glavu moja nene ya mpira, ile ya kushikia vyombo vya moto, na Mkuu wa Maabara akaniambia, "Ivae." Nilikuwa nimeshika mkoba kwa mkono wa kushoto, basi nikaingiza mkono wa kulia. Kidole gumba kikakosa pa kwenda. Nikavuta, nikageuza, nikatoka jasho. Dar es Salaam jasho halihitaji sababu, lakini lile lilikuwa la aibu.

"Binti, glavu hiyo na mwenzake zinatofautiana nini? Uzito?"

"Hapana, mzee."

"Mpira wake?"

"Ni uleule."

"Urefu wa vidole?"

"Ni sawa."

"Sasa mbona haikuingii?"

"Ni ya mkono mwingine, mzee."

"Umeshajua nusu ya kazi yako. Nusu nyingine ni kuosha vyombo. Sinki liko kule."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo Mungu alinijalia kuifanya mpaka nilipostaafu: kutenganisha alkoholi za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto kwa kutumia vimeng'enya. Wajukuu wangu wakiulizwa shuleni bibi yao alikuwa nani, husema alikuwa daktari, maana ni rahisi kueleza. Naandika haya ili wao na vijana wengine wajue kazi yenyewe ilikuwaje.

Alkoholi ni jamii kubwa. Ile ya kwenye pombe ni mmoja tu katika ukoo, na kwa kweli ndiye asiye na pacha. Wengine wengi, kama pentanoli tuliyoitumia sisi, molekuli zao zina maumbo mawili yanayotazamana kama mtu na sura yake kwenye kioo. Uzito ni mmoja na huchemka kwenye joto moja. Kiwanda kikitengeneza pentanoli, hutoka mchanganyiko wa nusu kwa nusu, na ukiikeneka, yaani ukiichemsha na kuupoza mvuke wake, pande zote mbili zitapanda pamoja na kushuka pamoja. Moto hauna mikono, hauwezi kuzitambua.

Kimeng'enya kinaweza. Vimeng'enya ni vitu ambavyo viumbe hai hutengeneza mwilini ili kuharakisha kazi, kama kile cha mate kinachoanza kuuvunja ugali mdomoni. Mwenyezi Mungu amevifinyanga vyenyewe vikiwa na mkono mmoja, kwa hiyo vikikutana na alkoholi, hushika ile inayovienea. Sisi tulikipa kimeng'enya unga mweupe, na kazi yake ilikuwa kuchukua kipande cha unga huo na kukibandika kwenye alkoholi ya mkono wa kulia. Tulikiita mkia. Alkoholi iliyovaa mkia huwa na tabia ya asidi, na ukiisukasuka na maji ya magadi huingia kwenye maji. Isiyovaa mkia hubaki juu, kwenye kiyeyushi, kile kimiminika kisichochanganyika na maji tulichoyeyushia alkoholi. Unafungua koki chini ya chombo, maji yanatoka na walio na mkia, wasio na mkia wanabaki. Mara ya kwanza kuliona hilo nilisema "Aleluya" kwa sauti, na Mkuu wa Maabara akaniambia hapo si kanisani. Baadaye nilimsikia mwenyewe akiisema.

Maabara ile ilikuwa ya mambo ya dawa, na tulichokitaka ni alkoholi iliyovaa mkia. Sheria ya Mkuu ilikuwa moja: "Simama kabla ya nusu." Sababu yake aliieleza hivi: "Kimeng'enya ni mgeni mwenye adabu. Nyama ikiwepo mezani hagusi mchicha. Nyama ikiisha, ataugusa." Maana yake, wa kulia wakianza kupungua, kimeng'enya huanza kuwavisha mkia na wa kushoto, na mali inachafuka. Basi tulisimama kabla ya nusu. Sheria hiyo iliniingia kwenye mikono kama kusali kabla ya kula.

Kutoka Dar es Salaam nilihamishiwa Arusha, chini ya Mkuu wa Kitengo cha Uchachushaji, mama mmoja mpole aliyetufundisha kuotesha vijidudu vinavyotoa kimeng'enya na kukigandisha kimeng'enya hicho juu ya vipunje vidogo vya plastiki. Kikiwa juu ya vipunje, unakichuja baada ya kazi, unakikausha, unakitumia tena. Mtu akianza kutikisa chupa kwa pupa, mama huyo alimwambia, "Mwanangu, hicho hakipigiwi kelele. Kikalishe mahali pa uvuguvugu, nenda kanywe chai." Nilijifunza kwake kwamba subira nayo ni kifaa cha maabara.

Kisha nikapangiwa Babati. Nilifurahi, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mwinjilisti wa milima ya Mbulu na mume wangu alikuwa na kiwanja Maisaka, mtaa wa pale mjini. Kituo kilishughulika na hifadhi ya nafaka. Adui yetu alikuwa mdudu wa kahawia tuliyemwita dumuzi mdogo, mfupi kuliko punje ya mchele, anayetoboa mahindi na mtama mpaka gunia linabaki unga na maganda. Dume wa mdudu huyu akipata chakula kizuri hali peke yake. Hutoa harufu kuwaita wenzake, waume kwa wake. Wataalamu walikwisha kuijua harufu hiyo, na ndani yake imo pentanoli. Ya mkono wa kushoto.

Ukiitengeneza harufu ile, ukaitia kwenye kizibo cha mpira na kukiweka ndani ya mtego, mtego unakuambia dumuzi ameingia ghalani kabla hujaona vumbi lolote. Mkulima anaanika, anasafisha, anaweka dawa mapema. Chambo cha namna hiyo kilikuwa kikitoka ng'ambo, na mara nyingi kilifika wadudu wakiwa wameshakula na kusaza. Ndiyo maana kitengo chetu kilianzishwa: kukitengeneza hapa hapa.

Tulikuwa wawili, mimi kama mkemia na Bwana Safari kama fundi sanifu, mtu wa kijiji jirani cha Bonga, mrefu, mwenye maneno machache ila yote ya kuchoma. Juu yetu alikuwa Mkuu wa Kituo, mtu wa Singida, mnene na mcheshi. Mtaani Maisaka habari zilienea kwamba kazini kwangu kuna alkoholi kwenye madumu. Mimi ni mzee wa kanisa. Mnaweza kufikiria.

"Shikamoo mzee wa kanisa," akinamama wa kwaya walinisalimu. "Leo umekeneka debe ngapi?"

"Marahaba. Debe moja tu. Ukitaka njoo, lakini kwanza uage nyumbani kwako."

Walicheka mpaka mchungaji akatoka kutazama.

Chambo chetu cha kwanza tulikipeleka Bonga, kwenye ghala la kikundi cha wakulima. Mtunza ghala alikuwa Mama Bura, mjane aliyeshika funguo za ghala lile kama mtu aliyeshika funguo za mbinguni. Tulitundika mitego yenye chambo cha ng'ambo upande mmoja na yenye chambo chetu upande wa pili, na kila tulipokwenda tuliibadilisha pembe ili pasiwe na upendeleo. Matokeo yalikuwa yaleyale. Mitego ya ng'ambo ilikuwa na wadudu wengi. Yetu ilikuwa na wachache, walioonekana kama wamepotea njia.

"Poleni, Mama Eliya," Mama Bura aliniambia. Eliya ni kifungua mimba wangu. "Hawa wadudu wamekuwa kama watu wa mjini. Cha nyumbani hawakitaki."

Tulirudia kazi. Tukasafisha vyombo upya, tukabadilisha vipunje. Chambo kikawa kilekile. Polarimita, chombo kinachopima jinsi kimiminika kinavyouzungusha mwanga, ndiyo inayoonyesha mkono mmoja umeuzidi mwingine kwa kiasi gani, na yetu ilisoma chini kuliko inavyotakiwa. Tuliilaumu taa yake, ambayo ilikuwa ya zamani na ilipepesa umeme ukiyumba. Hakuna aliyeilaumu sheria ya nusu. Ingelaumiwaje, na ilitoka kwa wakubwa waliotufundisha?

Ndipo akaja Mkurugenzi wa Kanda. Alikuwa mtu wa heshima, asiyependa kuumiza watu lakini asiyependa pia kuzunguka. Alikaa kwenye stuli ya maabara, akatazama mtego wetu, akasema:

"Mama, siwezi kuendelea kutetea kitengo kinachotengeneza harufu ambayo wenye harufu yao hawaitaki. Wakulima wataweka mahindi mapya ghalani hivi karibuni. Jaribuni mara moja tena. Ikishindikana, kitengo kinafungwa. Vyombo vitakwenda Dodoma, na nyie mtapangiwa kwingine."

Alipoondoka, Bwana Safari alibaki akikunja taulo.

"Mimi nina ng'ombe Bonga," alisema. "Ng'ombe hawapandi basi la Dodoma."

"Bwana atafanya njia," nikamjibu.

"Aifanye kabla ya mavuno, Mama Eliya. Na wewe watakupeleka kwenye meza ya mafaili, ukapige mihuri."

Nilicheka, lakini moyoni nilijua anasema kweli. Kilichokuwa hatarini ni zaidi ya meza zetu. Kitengo kikifungwa, hakuna mwingine katika eneo lile aliyekuwa anaijua kazi ile, na wakulima wa Bonga wangerudi kusubiri chambo kinachofika baada ya msiba. Stoo nako pentanoli iliyobaki ilitosha kazi moja tu. Jioni ile katika sala zetu za nyumbani sikumwomba Mungu wadudu. Nilimwomba macho.

Jumamosi nilikwenda kijijini Mutuka kumsaidia wifi yangu kupepeta mbaazi za msimu uliopita. Alikuwa amezipiga, zimelala kwenye turubai na makapi yake. Tukachukua ungo kila mtu. Mimi nilikuwa nikipepeta kwa huruma: punje ndogo ikiruka pamoja na makapi, nairudisha. Wifi alinitazama kwa muda, akashindwa kuvumilia.

"Wifi, hizo ni mbaazi au ni watoto wako?"

"Si zinapotea?"

"Ziache ziende. Unachokitaka ni kinachobaki kwenye ungo. Ukiihurumia kila punje inayoruka, makapi nayo yanabaki. Tazama wako, tazama wangu."

Nikatazama. Ungo wake ulikuwa na mbaazi pungufu kuliko wangu, lakini ulikuwa safi, unang'aa. Wangu ulikuwa umejaa, na uchafu ndani.

"Na hizo zilizoruka si hasara?"

"Hasara ni mgeni kung'ata jiti mezani kwako. Hizo watakula kuku."

Nilibaki nimeshika ungo hewani. Nililiona jambo lote kwa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Dar es Salaam tulikuwa tunataka kinachoruka: alkoholi iliyovaa mkia. Kwa kazi ile, kusimama kabla ya nusu kulikuwa sawasawa kabisa. Babati tulikuwa tunataka kinachobaki kwenye ungo: ya mkono wa kushoto, isiyo na mkia. Na sisi kila mara tulisimama kabla ya nusu, ilhali wa kulia kadhaa hawajavaa mkia bado, tukawaacha wamekaa humo pamoja na wa kushoto. Tulikuwa tunaihurumia kila punje. Ilitupasa kupita nusu, tukubali wa kushoto kadhaa wavishwe mkia na kupotea, ili wa kulia wote waondoke.

"Wifi!" nikasema.

"Nini tena? Nyoka?"

"Nyoka gani! Umeniokoa."

"Haya, ukiokolewa upepete. Jua linakwenda."

Jumatatu nilimweleza Mkuu wa Kituo. Nilimchorea kwenye ubao. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya tumbo, kisha akauliza swali la haki.

"Unataka tuongeze unga wa mkia na tuache kimeng'enya kiendelee. Wa kushoto tutapoteza?"

"Baadhi, ndiyo."

"Na pentanoli ni hii tu?"

"Ni hii tu."

Kisha akamgeukia Bwana Safari. "Wewe unasemaje?"

"Njia ya zamani tunajua inakwenda wapi, mzee. Inakwenda Dodoma."

Mkuu wa Kituo alicheka mpaka machozi, akajifuta. "Fanyeni. Ni mimi niliyeruhusu. Ikiharibika, nitapanda basi la kwanza."

Tulianza na sala fupi, kisha kazi. Vyombo vyote tulivikausha kwenye tanuri, kwa sababu unga ule wa mkia ukipata unyevu huharibika, na nje mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha. Tukamimina pentanoli na kiyeyushi, tukaweka unga kuzidi mazoea yetu, mwisho vipunje vya kimeng'enya. Chupa ikawekwa kwenye kitikisio, penye uvuguvugu wa kiasi. Kila baada ya muda tulichota kidogo, tukakisafisha kwa maji ya magadi, tukapima.

Ilipofika karibu na nusu, nilimwona Bwana Safari ameshika faneli ya kuchujia. Nadhani hata yeye hakujua ameishika saa ngapi.

"Imefika," alisema.

"Iache."

"Mama Eliya, imefika."

"Najua imefika. Weka faneli chini, baba. Tunywe chai."

Hiyo ndiyo chai ngumu kuliko zote nilizowahi kunywa. Maisha yangu yote ya kazi mikono yangu ilifundishwa kusimama pale, na sasa niliikalia. Tulipopima tena, polarimita ilikuwa imepanda. Tukapima tena, ikapanda zaidi, ikavuka mahali ambapo haijawahi kufika tangu tuinunue. Bwana Safari aliinama kwenye kitundu cha kuangalizia, akainuka, akaipangusa lenzi kwa shati lake, akainama tena.

"Taa ni ileile?" nikamuuliza.

"Ileile. Kumbe miaka yote haikuwa na dhambi."

Tulisubiri mpaka namba zikaacha kupanda. Hiyo ndiyo ishara kwamba wa kulia wamekwisha na sasa unapoteza wa kushoto bure. Hapo tukachuja. Tukaisukasuka na maji ya magadi, tukaacha vitengane, tukafungua koki, maji yakatoka na wote wenye mkia. Kilichobaki juu tukakikeneka polepole. Kikapatikana kichupa kidogo, kimiminika kisicho na rangi, harufu kali kidogo. Mkuu wa Kituo alikiinua kwenye mwanga.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

"Ni kidogo."

"Ni safi, mzee."

Tukaiunganisha na asidi, iliyo nusu ya pili ya harufu ile, kupata harufu kamili, tukaitia kwenye vizibo, tukaenda Bonga. Mahindi mapya yalikuwa yameshaingia ghalani. Tukatundika kama kawaida, cha ng'ambo huku, chetu kule.

Siku ya kufungua mitego Mkurugenzi wa Kanda alikuja mwenyewe. Nilimwona Bwana Safari anafunga na kufungua kifungo cha koti. Mama Bura aliweka sahani mbili nyeupe juu ya gunia, akamimina mtego wa ng'ambo kwenye ya kwanza. Wadudu wengi wakaanguka. Akauchukua wetu, akaukung'uta, akaumwaga.

Sahani ya pili haikuonekana weupe wake kwa wadudu. Wengine walipanda ukingo, wakaanza kutembea juu ya gunia.

"Ehee!" Mama Bura alipiga makofi. "Waone hawa! Wamekumbuka kwao!" Akapiga kigelegele kilichowaleta watu kutoka barabarani, wakidhani kuna harusi ghalani.

Mkurugenzi hakucheka. Alichungulia sahani moja, akachungulia nyingine. "Badilisheni pembe," alisema. "Kilipokuwa cha ng'ambo wekeni chenu. Nitarudi." Nilimheshimu kwa hilo, ndivyo mtu wa sayansi anavyotakiwa kuwa. Alirudi wiki iliyofuata, na Mama Bura akamimina tena mbele yake. Wetu haukuwa na haja ya kutetewa.

Hapo ndipo alipotabasamu. "Mama," alisema, "nilikuwa nimeshaagiza lori la kuchukua vyombo vyenu. Sasa nimwambie nini dereva?"

Kabla sijajibu, Bwana Safari akajibu. "Mwambie alete pentanoli, mheshimiwa. Tumeishiwa."

Na kweli, lori lilikuja limebeba madumu. Mungu hutenda hivyo. Gari lililoandaliwa kutuhamisha ndilo lililotuletea kazi ya misimu iliyofuata.

Tangu hapo kitengo hakikurudi nyuma. Tuliongezewa chumba, tukaletewa vijana, polarimita ikapata taa mpya, ingawa Bwana Safari aliikataa kwa muda akisema ile ya zamani ilionewa vya kutosha. Maghala ya wilaya za jirani yakaanza kuomba chambo chetu. Nilimtumia salamu Mkuu wangu wa kwanza wa Maabara, aliyekwisha kustaafu, nikamweleza kwamba Babati tunapita nusu. Akanipigia simu. "Nani alikuambia uivunje sheria yangu?" Nikamwambia, "Wifi yangu, mzee." Akasema, "Mpe shikamoo yangu."

Nilistaafu nikiwa Mkuu wa Kitengo. Siku ya kuagwa waliniomba nasaha, na nasaha zangu ni hizihizi ninazoziandika. Kijana, ukipewa sheria ya kazi, iheshimu, lakini uulize ilitungwa kwa ajili ya kazi gani. Sheria ya Dar es Salaam haikuwa na kosa. Ilikuwa inachunga mali nyingine. Pili, jua unachokitaka ni kipi kabla hujaanza kutenganisha, kwa kuwa huwezi kuvitunza vyote viwili kwa ukamilifu. Na mwisho, usione haya kusali ukiwa umevaa koti jeupe. Sijawahi kuona sala ikiharibu kazi ya maabara. Nimeona haraka ikiiharibu mara nyingi.

Sasa niko nyumbani Maisaka, nina bustani na wajukuu, na Jumapili nafundisha darasa la kipaimara. Magoti yanalalamika, ila namshukuru Mungu kwa yote, hata kwa chai ile ngumu. Asubuhi nyingine nikitoka dukani hupitia njia ya kituoni makusudi, nisimame kidogo ng'ambo ya barabara. Madirisha ya kitengo yako wazi. Ndani wapo vijana wa makoti meupe nisiowajua majina, wanacheka, wanabishana juu ya namba fulani, na hakuna hata mmoja anayehitaji kuniita.